Pikipiki Hupimwa Ikiwa Baridi

Binti yangu Nafula alipokuja kuniambia amepata pikipiki ya kununua, nilimuuliza ni ya nani. Akasema ni ya Dalali. Nikanyamaza. Alidhani sijasikia, maana masikio yangu yaliharibiwa na mashine ya posho niliyoisimamia hapa Ndalu miaka mingi, akarudia kwa sauti: "Papa, nimesema ya Dalali. Ile ya buluu."

Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nafikiri tu. Huku kwetu, kuanzia Misikhu mpaka Kitale, mtu akitaka kununua pikipiki iliyotumika, aliyekuwa anaitwa kuipima ni Dalali. Sasa pikipiki ikiwa ya Dalali mwenyewe, utamwita nani?

Na Nafula hakuwa anatafuta pikipiki ya kuonyesha watu sokoni. Yeye hukusanya maziwa ya majirani alfajiri na kuyafikisha kituo cha maziwa kabla hawajafunga kupokea. Muda wote huo amekuwa akitegemea vijana wa boda boda. Kijana akichelewa kuamka, maziwa yanakataliwa, yanarudi nyumbani yameanza kuganda, na majirani wananuna, wanasema heri wangempa mtu mwingine. Pesa aliyokuwa nayo ilitoka kwa ng'ombe aliyemuuza na kwa chama chao cha akina mama. Ikipotea, hakuna nyingine. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: asubuhi, baridi ya huku ikiwa inauma mpaka kwenye meno, hiyo pikipiki itawaka au haitawaka?

Acha niwaeleze habari za huyo mtu, ndio mjue kwa nini nilinyamaza. Nitaacha mambo ya alizaliwa wapi na babu yake alitoka ukoo gani. Hayo yatasemwa siku yake ya matanga na watu wenye mdomo kuliko mimi. Mimi nitaanza na kofia.

Alikuwa na kofia ya kahawia, ya kitambaa kizito, yenye ukingo mpana, ambayo mvua ya Trans-Nzoia iliinyeshea mpaka ikawa na umbo la sufuria iliyokanyagwa. Hakuwahi kuivua mbele ya mtu anayeuza kitu. Kanisani aliivua, kwenye maziko aliivua, lakini sokoni ilikaa palepale. Alisema muuzaji akiona kipara chako ameshajua umri wako, na akijua umri wako atajua unachoka saa ngapi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Alisimama katikati ya muuzaji na mnunuzi soko la Misikhu, na fimbo yake, akishika mkono wa huyu na mkono wa yule mpaka mikono ikutane. Ndiyo maana tukamwita Dalali, na jina likabaki hata alipoacha ng'ombe. Na hakuacha kwa kupenda. Vijana walianza kuuza ng'ombe ili wanunue pikipiki, halafu wanauza pikipiki ili wanunue nyingine, na siku moja kijana mmoja wa ukoo wake akamwomba amsindikize tu, asiende peke yake kuibiwa. Dalali hakujua hata gia inakaa mguu gani. Lakini alimjua muuzaji. Yaani muuzaji kama muuzaji, awe wa ng'ombe, awe wa viazi.

Alifika akazunguka ile pikipiki kama anavyomzunguka mtamba. Muuzaji alikuwa anasema ni mpya kabisa, imetembea kidogo tu, angalia mita. Dalali hakuangalia mita. Aliinama akaangalia ile raba ndogo ya kukanyagia gia, akaona imelika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia. Akanyanyuka.

"Ng'ombe akizaa, pembe zake huweka alama," akamwambia yule muuzaji. "Huyu wako amezaa sana."

Kijana wa ukoo wake hakununua. Habari ikatembea. Tangu siku hiyo kazi ikawa hiyo.

Alikuwa na misemo yake, na ukikaa naye utaisikia yote kabla chai haijachemka. Ng'ombe hudanganya kwa manyoya, pikipiki hudanganya kwa rangi. Mtu akipaka rangi mpya, muulize ya zamani ilimkosea nini. Pikipiki iliyooshwa sana imelia sana. Huu wa mwisho mimi sijawahi kuuelewa, na nilipomuuliza alisema hata yeye hauelewi vizuri, lakini wauzaji wakiusikia huanza kutoa jasho.

Ila kubwa yake ilikuwa swali. Akifika kwa muuzaji, akishasalimia mulembe, mulembe, akishauliza watoto na mahindi, swali lilikuwa: "Irirara wapi?" Ndivyo alivyosema, ililala wapi, kwa ulimi wetu wa huku usiojua tofauti ya herufi hizo mbili na usiotaka kujua. Muuzaji anamwonyesha. Dalali anaenda mahali hapo, anachuchumaa, anaangalia udongo. Pikipiki inayovuja oili haiwezi kuficha mahali ilipolala, sawa na mtoto anayekojoa kitandani. Kuna mmoja huko Kipsongo alijua habari hii, akamwaga jivu juu ya doa. Dalali aliliangalia lile jivu muda mrefu, akamuuliza yule bwana, kwa upole kabisa, kama siku hizi mama watoto anapikia kwenye banda la pikipiki.

Na jambo la pili lilikuwa mkono. Aliweka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa baridi, vizuri, tuendelee. Ikiwa na joto, basi mtu ameamka akaiwasha kabla hujafika, na hakuna mtu anayeamka kuwasha pikipiki inayowaka vizuri. "Pikipiki hupimwa ikiwa baridi," alikuwa anasema. "Ikishapata moto kila pikipiki ni malaika."

Sasa ndio alikuwa na tabia ya kufika mapema sana, awakute wauzaji bado wanajifunika. Ilikaribia kutumaliza. Asubuhi moja nilimsindikiza mpaka karibu na Misikhu, kwa bwana mmoja aliyekuwa anauza, na tulifika umande bado uko. Mimi nilisema tubishe hodi. Yeye akasema kwanza mkono, hodi baadaye. Akapita upande wa ghala, akaiona pikipiki, akaweka kiganja. Ndio mbwa akaamka. Halafu mtoto wa mwenye boma. Halafu boma zima, na majembe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye njia nikiwa na fikira ya kukimbia, lakini nikabaki palepale.

"Wezi wa pikipiki!" mtu alipiga kelele.

Dalali hakutoa mkono kwenye injini. "Wezi gani," akasema. "Mimi ni mgeni wenu. Na hii kitu ni baridi, mwenye nayo ashukuru."

Aliyetuokoa ni mama mzee wa boma lile, aliyetoka na shuka begani, akaangalia ile kofia, akasema, "Hiyo sufuria naijua. Huyo ndiye aliyenikatalia ng'ombe wangu kwenye soko akasema ana kikohozi. Na alikuwa na kikohozi kweli." Tuliletewa viazi vitamu na chai, na watu waliokuwa na majembe walikula pamoja nasi. Kijana aliyekuwa anataka kununua alikuja baadaye, akaondoka nayo, na nasikia ilimsomeshea watoto.

Nimesema chai. Hapo ndipo kwenye jambo lililomfanya ajulikane kuliko yote, na lazima nilieleze polepole.

Dalali hakuwa anasema mbele ya muuzaji kama kitu ni kizuri au kibaya. Alisema ni aibu kumtukania mtu mali yake kwake nyumbani, na kumsifia pia ni kumpandishia bei. Kwa hiyo akipenda pikipiki, akimaliza kuipima, alikaa chini, akamwambia mwenye nyumba, "Sasa tungepata chai." Chai inachukua muda. Maana yake tumekaa, tutaongea bei, hatuondoki. Lakini akiona haifai, alibaki amesimama, akasema, "Mama, tuletee maji ya kunywa." Maji yanachukua dakika. Unakunywa, unashukuru, unaenda. Hakuna mwenye nyumba aliyetukanwa, hakuna aliyenyimwa mgeni, na mnunuzi ameshajua. Hata wazee wa ng'ombe walikuwa na ishara zao, lakini hii ya chai na maji ilikuwa yake.

Bila shaka siri haikukaa. Watu wote wa hapa wakaijua, mpaka watoto wakicheza sokoni mmoja anasema kitu chake ni kizuri, mwenzake anamjibu, tuletee maji. Wauzaji nao wakawa wajanja. Mmoja wa Kitale, mtu mwenye duka la vipuri, alimwambia mkewe atuletee chai kabla hatujaomba, na mkate, na mayai, akatukalisha kwenye viti vya mto. Dalali alikula vyote. Alishushia kikombe cha pili. Akasifu mkate. Halafu akajifuta mdomo, akasimama, akarekebisha kofia.

"Mama, sasa utuletee maji kidogo," akasema. "Tusukutue."

Mwenye duka alicheka mpaka akashika ukuta. Pikipiki ilikuwa mbovu kweli, alikiri mwenyewe, ilianguka na mtu kwenye daraja.

Msidhani nasema alikuwa malaika. Mtu huyu aliyekuwa anaweza kushusha bei ya ng'ombe mpaka mwenye ng'ombe aone haya, alikuwa hawezi kununua nyanya. Mama mboga akimwambia bei yoyote alilipa, akasema pole, na bado akachukua zilizooza. Mke wake alimkataza kabisa kutumwa sokoni. Alikuwa pia anafundisha watu wote wasiende kasi, na yeye mwenyewe alikuwa anaenda polepole sana hivi kwamba kwenye kona pikipiki ilikuwa inachoka kungoja na kulala chini naye. Nimemwinua mara nyingi. Kila mara alilaumu barabara.

Na alikuwa na kiburi. Kuna pikipiki nyekundu aliyoiombea maji, nadhani kwa sababu yeye na mwenye kuiuza walikuwa na ugomvi wa zamani wa mambo ya ng'ombe, maana mimi niliiona na sikuona ubaya. Mnunuzi alikuwa mkaidi, akainunua hivyohivyo. Hiyo pikipiki haijafa mpaka leo. Inabeba magunia ya mahindi, inabeba wagonjwa, inabeba vitanda. Kila siku ya soko ilikuwa inapita mbele ya tulipokaa, na mwenyewe anapiga honi kwa makusudi.

"Dalali, bado tuko!"

Dalali anainua kofia kidogo, heshima ni heshima. Akishapita, ananiambia, "Ngoja. Hiyo haifiki Krismasi."

"Ulisema hivyo Krismasi ile nyingine, bana."

"Sikutaja Krismasi gani."

Sasa nije kwenye ile ya buluu. Yeye alipimia watu miaka mingi akitembea kwa miguu, au akibebwa, na watu wakawa wanamcheka kwamba ni kinyozi mwenye nywele ndefu. Ndio akasikia kuna mwuguzi mstaafu Bungoma anauza yake. Tulienda wote. Tulifika jioni, na Dalali alikataa katakata kuiangalia. Alisema imetoka kazini, ina joto, haitatuambia ukweli. Yule mama mwuguzi akatushangaa, akatupa mahali pa kulala kwa jirani yake. Asubuhi Dalali alikuwa wa kwanza uani. Akaweka kiganja. Akachuchumaa mahali ilipolala. Akaangalia raba ya gia. Akapiga kiki mara moja tu, na ikawaka kama mtu aliyekuwa macho anasubiri kuitwa. Alisimama hapo, mdomo wazi kidogo, nikaona mzee mzima akipenda kitu.

"Mama," akamwambia mwuguzi, na sauti haikuwa yake, "tungepata chai."

Tangu hapo ukimsalimia atakuambia: hii niliinunua ikiwa baridi. Mgeni akija, hii niliinunua ikiwa baridi. Pasta aliwahi kuuliza kanisani nani ana ushuhuda, tukamshika Dalali suruali asisimame.

Aliipanda mpaka rangi ikapauka ikawa kama shati la shule. Alifunga kiti kwa mpira wa tairi, akafunga taa kwa waya, na yeye ambaye alikagua meno ya cheni za watu kama daktari, ya kwake ilikuwa inalia kama kifaranga. Nikimwambia, anasema ya nyumbani haipimwi. Mke wa mtu hapimwi kila asubuhi.

Halafu macho yakaanza. Kwanza hakukubali. Akasema vumbi limezidi. Siku moja mchana kweupe akaingia na pikipiki katikati ya majani ya ng'ombe ya jirani, akatoka upande wa pili na nusu ya shamba kwenye kofia. Watoto wake wakaja kutoka walikoolewa na walikoajiriwa, wakakaa kikao, wakasema papa, pikipiki basi. Hakuitwa tena kupima kwa watu, maana aliona aibu kubebwa nyuma kama mzigo. Alikaa kwake. Mimi nilienda kumwona, lakini tuliongea mvua tu.

Hapo ndipo Nafula aliposikia anauza. Na bei aliyomtajia, Nafula aliponiambia, ilikuwa bei ya pikipiki kijana.

"Ni ghali," nikamwambia.

"Papa, ni ya Dalali. Yeye si ndiye anayejua? Atauza kitu kibaya, yeye?"

Sasa mnaelewa kwa nini nilinyamaza.

Tulienda asubuhi mapema, mimi na yeye, na mtungi wake wa maziwa mtupu mkononi kwa sababu alikuwa anataka kuona kama utakaa vizuri nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka upande wa mlima, huoni hata ua. Nilikuwa nimemwambia Nafula tutoke mapema. Sikumwambia sababu.

Dalali alikuwa amesimama uani na koti la Jumapili. Kofia kichwani. Pikipiki ilikuwa mbele ya ghala, imeoshwa mpaka inang'aa, na nilikumbuka ule msemo wake wa pikipiki iliyolia, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuuelewa.

"Mulembe, papa," Nafula akasema, akainama kumsalimia.

"Mulembe, mwanangu. We wa Posho, na wewe umeamka? Miguu bado iko?"

"Iko. Inasaga polepole."

Tukaulizana mahindi, tukaulizana watoto. Halafu mimi nikaenda nikaweka kiganja juu ya injini, bila kufikiri, kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto.

Ilikuwa moto. Niliutoa mkono, nikauweka mfukoni na joto lake. Dalali hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia ukungu, ingawa kwa macho yale sijui aliona nini.

"Irirara wapi?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Unaniuliza swali langu?"

"Sina lingine."

Akaonyesha kwa kidevu, chini ya paa la ghala. Nikaenda. Pale chini palikuwa pamefagiwa, na juu yake pamemwagwa jivu, jivu jipya, bado jeupe. Na kutoka hapo, kwenye umande wa majani, kulikuwa na alama za magurudumu zinapanda mpaka juu ya kile kilima cha shamba lake, halafu zinashuka. Kando ya alama za kupanda kulikuwa na nyayo. Gumbuti kubwa upande mmoja. Upande wa pili gumbuti ndogo, za mwanamke, zimezama kwenye matope kwa nguvu ya kusukuma.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nafikiria hao wazee wawili, mmoja haoni, mwingine mgongo wake najua jinsi ulivyo, wakisukuma chuma kilimani kabla ya jogoo kumaliza, iwake ikiteremka, nami nikija niikute imeshapata moto.

Niliporudi Nafula alikuwa ameshaikalia. Alipiga kiki mara moja. Ikawaka. Sauti ilikuwa nzuri, nzito, imetulia, na uso wa Nafula ulifunguka kama dirisha. Aliizima, akaiwasha tena. Ikawaka tena. Akaniangalia ili nimwambie sawa.

Ningesema nini? Nikisema, namvua mtu kofia mbele ya mwanangu. Nisiposema, mwanangu atakuwa kwenye barabara ya Ndalu kesho asubuhi na maziwa ya watu, anapiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi, na hakuna kilima.

"Si mnaona," Dalali akasema. "Niliinunua ikiwa baridi."

"Tunajua, papa," Nafula akasema.

"Mimi sitaki iende kwa watu wa mbali. Wewe utakuwa unapita hapa na maziwa. Nitaisikia ikipita. Hata nisipoiona."

Hapo mke wake akatoka jikoni na sinia, vikombe vinne, chai imeshamiminwa, moshi unapanda. Hatukuwa tumeiomba. Gumbuti zake zilikuwa miguuni, na matope yamefika kwenye pindo la gauni. Alisimama na sinia bila kutuangalia.

Nafula alishuka kwenye pikipiki. Akachukua mtungi wake, akaufunga nyuma kwa kamba kuujaribisha, ukakaa vizuri. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, na uzee wangu wote, sikulifikiria. Alimgeukia Dalali, akamwambia kwa adabu, na kwa imani kamili:

"Papa, wewe ndiye ungenipimia kama ingekuwa ya mtu mwingine. Na sina mpimaji mwingine. Mimi natoka saa ya baridi, na nikichelewa hawapokei. Kwa hiyo nipimie tu. Utakachosema ndicho nitakachofanya."

Dalali alienda polepole mpaka kwenye ile pikipiki, akainyooshea mkono hewani kwanza mpaka akaipata. Akaweka kiganja juu ya injini, palepale nilipoweka mimi. Akakiacha hapo. Mimi najua jinsi ilivyokuwa moto, lakini hakukitoa. Akapitisha vidole kwenye raba ya gia, ambayo haikuwa raba tena, ilikuwa chuma. Akashika mtungi wa Nafula, akaugonga kidogo, ukalia mtupu.

Mke wake alikuwa bado amesimama na sinia. Kiti kilikuwa nyuma ya Dalali, kimewekwa tayari. Hakukaa.

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua penye kitu kinachouzwa. Kipara kilikuwa cheupe kuliko uso, kama cha mtu mwingine mdogo wake.

"Mama," akasema. "Tuletee maji ya kunywa."

Mke wake akamwangalia. "Chai hii hapa nimeshamimina."

"Maji, mama."

Nafula aliinua macho kwangu. Yeye alikulia kwenye soko hili, alicheza mchezo huo na watoto wenzake. Akaelewa, na macho yake yakajaa. Alianza tu kufungua kamba ya mtungi, taratibu, kana kwamba anamfungua mgonjwa bendeji.

Mama yule akaweka sinia juu ya kiti. Akaenda ndani, akarudi na jagi na bilauri moja. Tukanywa mmoja baada ya mwingine, tumesimama, maji ya kisima yanayouma meno. Dalali alikunywa wa mwisho, akamaliza yote, akashukuru.

"Misikhu nasikia kuna moja," akamwambia Nafula, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Ya mwalimu wa kike. Kesho kutwa mnipitie, hata kama nitabebwa nyuma. Tufike kabla hawajaamka. Kiganja hakihitaji macho."

"Tutakupitia, papa."

"Na wewe wa Posho, safari hii usisimame njiani kama mti. Mbwa wanaona woga."

Tulikunywa na chai pia, mwisho, maana haitupwi. Ilikuwa imepoa. Nyuma yetu pikipiki nayo ilikuwa inapoa, ikitoa ile milio midogo ya chuma kinachotulia, na Dalali alikuwa ameinamisha kichwa upande huo anaisikiliza.

Mke wake alikuwa anakusanya vikombe. Akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, lakini hata mimi na masikio yangu nilimsikia:

"Sasa kesho akija mnunuzi mwingine, tutaisukuma tena?"

Dalali akavaa kofia yake.

"Kesho hatuisukumi," akasema. "Kesho irare tu."